Mrejesho: mtoto wa miaka 5, mgongo uliopinda nyuzi 95

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama afungwe moja kwa moja vyuma vya mgongoni vinavyorefushwa kadiri anavyokua, au mgongo uvutwe kwanza kwa uzito ili unyooke kiasi. Tulimvuta kwanza: pete iliyoshikizwa kwenye fuvu kwa pini 8, ikivutwa juu kwa uzito ulioongezwa kutoka kilo 1.5 hadi 7, karibu nusu ya kilo zake 15, huku macho, ulimi na nguvu za viungo vikikaguliwa kila zamu, kuona kama neva zimeumia. Baada ya wiki 6 mpindo ulishuka hadi nyuzi 68, na anapumua vizuri zaidi. Ndipo vikawekwa vyuma viwili, bila kuunganisha pingili za katikati.

Kilichokwama: pini moja ilitunga usaha, na kwenye urefushaji wa pili kulabu ya juu, inayoshikiza chuma kwenye mfupa, iling'oka, mfupa ni laini mno. Sasa juu zimewekwa kulabu 6 badala ya 4. Tunarefusha kila miezi 6.