Riwaya imekwama sura ya 4, nifanyeje?

Wakuu, wiki ya 3 sasa nafungua laptop naiangalia sura ya 4 naifunga. Mama wa kwenye hadithi kafika mlangoni kwa mwanawe, kagoma kuingia. Mnatokaje hapa?

— Pole mkuu. Mwangalie kashika nini mkononi. Wangu nilimpa kikapu cha maembe yameanza kuoza, nikajua hapo hapo safari ilikuwa ndefu na mwana hapokei simu, sura ikaandikika yenyewe.

— Mwandishi wa Marekani, Hemingway, alikuwa anaacha kuandika akiwa bado anajua kinachofuata, kesho yake anapata pa kuanzia. Mimi imenisaidia sana hii.

— Soma sura ya 3 kwa sauti, huenda tatizo lilianzia huko.

— Jamani asanteni! Nimemvalisha kandambili iliyokatika, mwana kaiona kabla hajamtazama usoni. Kaingia.