Nyumba tupu Mtwara: kipi ninunue cha mtumba, kipi nisiguse kabisa?

Mwalimu_wa_Chuno

Habari zenu wakuu. Nimehamishiwa Mtwara Manispaa, nimepata nyumba ya kupanga Chuno, niko na mume wangu na watoto wawili. Vitu vyetu vingi tuliviuza kabla ya safari kwa sababu gharama ya kukodi fuso ilizidi thamani ya vitu vyenyewe. Tunaanza upya, na mfukoni tuna milioni moja na nusu.

Nataka niijaze nyumba kwa vitu vilivyokwisha tumika. Bei ni sababu mojawapo, lakini siyo kubwa. Jioni ukipita mitaani, nyuma ya nyumba nyingi kuna kimoto cha taka, plastiki na matambara vinaungua pamoja na watoto wanacheza palepale kwenye moshi. Ukienda ufukweni maji yakitoka, chupa na kandambili zimenasa kwenye mawe. Najua chochote kipya nitakachonunua leo kina siku yake ya kuishia motoni au baharini. Kama kuna kitanda kizima ambacho mwenyewe hakihitaji tena, kwa nini mti mwingine ukatwe msituni Liwale kwa ajili yangu?

Mume wangu hapingi. Wifi yangu ndiye anaona ni aibu mtumishi kulala kitanda cha mtu mwingine, ananisukuma nikakope dukani nilipe kidogo kidogo. Deni sitaki.

Naombeni ushauri: kitanda, makochi, friji, mapazia, vyombo, nguo za watoto. Kipi ninunue cha mtumba na nikikague vipi, na vikichakaa mnavifanyia nini?

Mama_Belo

Karibu Mtwara mwalimu. Mimi ni muuza mtumba, nakueleza kama ninavyomweleza mdogo wangu.

Mapazia na mashuka usihangaike na mapya. Mashuka mengi ya mtumba ni pamba nzito, yameshafuliwa mara nyingi, yamelainika na hayachuji tena rangi. Likunje mkononi ulibane, ukiliachia liangalie: pamba inabaki na mikunjo, yenye nailoni inarudi kama ilivyokuwa. Kwa joto la huku utataka pamba. Lipandishe kwenye mwanga wa jua pia, sehemu iliyolika itaonyesha mwanga kuliko kwingine.

Nguo za watoto chukua mtumba bila wasiwasi, mtoto anakua nguo ikiwa bado nzima. Angalia kwapa, magoti, zipu na mishono ya ndani. Doa la mafuta linaweza kutoka, doa la kutu achana nalo. Muulize muuzaji anafungua belo, yaani furushi la mtumba, siku gani, uje asubuhi hiyo. Ukija baada ya siku mbili unakuta wenzako wameshachagua.

Ukifika nyumbani loweka kwa maji ya moto sana kwa zile zinazohimili, anika jua kali, piga pasi. Ile harufu inaondoka. Nguo za ndani za mtumba hapana. TBS, Shirika la Viwango, walishazipiga marufuku na mimi siziuzi.

Halafu jambo la msimu. Minada ya korosho ikianza kuanzia Oktoba, hela inaingia mikoani kwetu na bei ya kila kitu inapanda. Nguo nunua kabla ya hapo. Kitanda na makochi, kama mnaweza kuvumilia, subirini wakulima wakishalipwa. Huo ndio wakati watu wanabadilisha samani, na vya zamani wanavitoa kwa bei ya kuelewana.

Fundi_Barafu_Mikindani

Kwenye friji nitakuwa mkali kidogo, dada, maana hapo ndipo kununua cha zamani kunaweza kuharibu hayo hayo mazingira unayoyalinda.

Cha kwanza ni lebo ya nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Kifaa kilichotengenezwa kwa matumizi ya Japani ni volti 100, cha Marekani ni 120. Ukikichomeka moja kwa moja kinaungua hapohapo. Utaambiwa ununue transfoma, na yenyewe inakula umeme na inachukua nafasi. Tafuta kilichoandikwa 220 hadi 240.

Cha pili, lebo hiyohiyo inataja gesi. Ukiona R12 ondoka, hiyo ni gesi inayokula tabaka la ozoni, na kwa umri wake friji hilo limeshachoka. R134a haili ozoni, ila ikivuja inapasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 ya kaboni dioksaidi ya uzito uleule. R600a ndiyo nzuri kati ya hizo tatu, ila inashika moto, kwa hiyo fundi wa kuigusa awe anajua kazi. Na fundi yeyote anayefungulia gesi ipotee hewani ili ajaze nyingine, mkatalie.

Kulijaribu: liwashwe mbele yako na ukae nalo, usikubali kuonyeshwa taa ya ndani tu. Kompresa inatakiwa ipoze, izime, ipumzike, iwake tena. Isiyopumzika kabisa ni ugonjwa. Bana karatasi kwenye mlango ufunge, kisha uivute. Ikichomoka kirahisi, mpira wa mlango umelegea na baridi inatoka. Mpira unabadilishika, hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei tu.

Sasa Luku, umeme wa kulipia kabla. Friji kuukuu likila uniti 2 kwa siku, mwezi ni 60. Ongeza taa, feni na pasi, umeshavuka uniti 75 na umetoka kwenye ile bei ya chini ya watumiaji wadogo. Kwa familia ya watu wanne ningetafuta friji dogo la miaka ya karibuni, hata kama ni la mtumba, kuliko jifriji la milango miwili linalouzwa bei ya kutupa. Ukilipata, lisafirishe likiwa limesimama, na likifika liache litulie saa kadhaa kabla ya kuliwasha.

Mlindi_wa_Mitwero

Mimi niko Lindi na naona hapa tunasifia mtumba kupita kiasi. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana 2016 kuuondoa mtumba ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kutunyima soko la AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wengine wakarudi nyuma, Rwanda iliyokaza kwenye ushuru wa mtumba ikasimamishiwa nafuu ya nguo zake 2018. Pamba tunalima wenyewe, tunaisafirisha nje, halafu tunavaa masalia. Na kila belo lina nguo zisizovalika. Hizo zinaishia kwenye kimoto kilekile anachokilalamikia mwalimu. Tunapokea taka za watu tukiziita mazingira.

Mama_Belo

Kaka, hilo la nguo mbovu ni kweli na linatuumiza sisi kwanza, maana belo unalinunua limefungwa. Zilizochakaa tunawapa mafundi gereji za kufutia mikono, nyingine zinajaza mito. Za jinzi fundi cherehani anashona mifuko ya sokoni, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, mifuko hiyo ina wateja. Zinazobaki bado ni nyingi, sitakudanganya.

Mwalimu_wa_Chuno

Kaka wa Lindi, nimekuelewa na nadhani kuna tofauti ya kuizingatia. Kitanda alichokilalia mtu wa Ligula, hapahapa mjini, kikija Chuno hakijavuka bahari. Nguo ya belo imevuka. Basi nianze na vilivyomo humuhumu mjini, belo nilichukulie nguo za watoto na mashuka tu, na sare za shule nimpelekee fundi wa hapa azishone. Linakubalika?

Mlindi_wa_Mitwero

Hilo nalikubali kabisa, mwalimu. Na fundi mwambie aache pindo refu, utalishusha mtoto akikua.

Seremala_Newala

Dada yangu, kitanda cha zamani cha mninga au mkongo ni mali. Madukani mjini sasa wanauza vitanda vya mbao za unga zilizobandikwa karatasi yenye sura ya mbao. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, zile mbao zinavimba, skurubu zinalegea, na ukikihamisha mara moja kimekwisha. Hakitengenezeki, ni kuni mbaya yenye gundi. Mninga uliokatwa zamani umeshakauka, haupindi tena. Unapiga msasa, unapaka vanishi, unabadilisha chaga mbili tatu, umepata kitanda cha kurithisha.

Kukagua: kigeuze miguu juu. Vitundu vidogo vyenye unga mlaini ni vya bungua, wadudu wanaotoboa mbao, na unga ukiwa mweupe mbichi ujue bado wamo. Gonga kwa kidole cha kati, mbao nzima inalia, iliyoliwa inatoa sauti ya kitu kitupu. Mchwa anaanzia miguuni, kwa hiyo kwaruza kidogo na kisu pale chini. Mguu mmoja ulioliwa unabadilishwa. Ubavu mrefu ulioliwa, achana nacho.

Makochi tazama fremu tu, usishawishiwe na kitambaa. Ng'oa kitambaa cha chini uone mbao na maungio yake. Sponji na kitambaa fundi makochi anaweka upya. Kwenye hilo usibane hela, sponji ya zamani itoke yote, kwa sababu ya kunguni.

Godoro nunua jipya. Hilo sina mjadala nalo.

Bibi_Kanga

Mwanangu, wifi yako mwambie kwa upole kwamba hapa pwani hatukuanza jana. Kanga mpya ni ya kutokea, ikipauka ni ya nyumbani, ikilainika ni winda la mtoto na mbeleko, ikichanika ni tambara la jikoni, mwisho inadeki. Hakuna aliyeona aibu. Aibu ni kukopa kwa ajili ya macho ya watu.

Makopo ya maziwa weka viungo. Ndoo zilizokuwa na mafuta ya kula zioshe kwa maji moto na majivu, hifadhi unga. Na matairi yaliyokwisha, kata katikati upande maua, yanapendeza sana mbele ya nyumba.

Mganga_wa_Zahanati

Shikamoo Bibi. Naomba niongeze kwenye matairi. Tairi likishika maji ya mvua ni nyumba ya mbu aina ya Aedes, yule anayeuma mchana na kueneza homa za dengue na chikungunya. Chikungunya yenyewe ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 kwenye Nyanda za Juu za Makonde, hapahapa kwetu. Toboa matundu chini, jaza udongo hadi juu, pasibaki mfereji wa maji kwenye mkunjo wa ndani. Ukishindwa, mpe fundi viatu akate makatambuga. Makopo na vifuu vilivyotupwa uani vifanyie vivyo hivyo, vifunikwe au vigeuzwe.

Bibi_Kanga

Marahaba mwanangu. Yangu nitayatoboa kabla ya masika.

Mstaafu_Kilimo

Mwalimu, kwa kuwa wewe ni mgeni wa nchi ya korosho, kuna jambo ambalo huenda hukukutana nalo ulikotoka, nami naomba ulisome kwa makini kuliko mengine yote hapa.

Mikorosho yetu inashambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na wakulima wanapuliza salfa ya unga pamoja na viuatilifu vya maji. Kila msimu inabaki mifuko mingi ya salfa, chupa na madumu. Vinakuwa vigumu, visafi kwa macho, na vinauzwa au kutolewa bure. Nimeona mifuko ya salfa imewekewa mahindi, na madumu ya dawa yakichotewa maji ya kunywa. Jambo hili linanikosesha raha tangu nikiwa kazini.

Plastiki inanyonya dawa. Kuosha kwa sabuni hakuitoi yote. Chombo chochote cha kiuatilifu, hata kiwe kizuri namna gani, hakiingii jikoni, hakihifadhi maji, mafuta wala chakula cha kuku. Mkulima akimaliza anatakiwa asuuze mara tatu, maji ya kusuuzia ayamimine kwenye bomba la kupulizia yatumike shambani, kisha akitoboe chombo ili asipatikane wa kukitumia tena. Dumu lisilo na lebo usilinunue, kwa sababu huna namna ya kujua lilibeba nini. Ukiliona na mabaki ya utepe wa rangi chini ya lebo, nyekundu, njano, bluu au kijani, hizo ni alama za kiwango cha sumu. Ndoo za rangi za ujenzi nazo ziishie kwenye kudeki na kumwagilia.

Gunia la juti la korosho ni kitu kingine. Hilo nunua, likung'ute, lianike. Linafaa zulia la mlangoni, linafaa kufunikia mtungi wa maji upoe, na likioza linarudi kuwa udongo.

Mwalimu_wa_Chuno

Mzee wangu, ahsante sana. Jana nilipita pale sokoni nikaona madumu ya buluu yasiyo na lebo na nilikuwa nayawazia kwa maji. Nitachukua yale ya mafuta ya kula.

Nimeamua hivi: godoro jipya, mpira na regyuleta ya jiko la gesi vipya, friji dogo la mtumba lenye volti 230 nikiwa na fundi pembeni, kitanda na fremu za makochi nisubiri msimu na tulale kwenye godoro chini kwa sasa. Wifi nitamwalika kitanda kikishapigwa vanishi.

Swali la mwisho: mwenye nyumba ameacha televisheni ya chogo, zile za zamani zenye mgongo, chumbani, imekufa, anasema niitupe. Watu wa vyuma chakavu wako tayari kuichukua, ila wanataka kuivunja hapahapa uani watoe shaba.

Fundi_Barafu_Mikindani

Usiwaruhusu kuivunjia hapo. Kioo cha chogo kina madini ya risasi, na kikivunjwa vibaya kinapasuka kwa nguvu kwa sababu ndani hakina hewa. Vumbi lake libaki kwenye uwanja wanaochezea watoto? Hapana. Mpigie fundi televisheni yeyote mjini, wengi wanazichukua nzima kwa ajili ya vipuri. Ikiwa bado ipo mwisho wa wiki niandikie faraghani, napita Chuno na pikipiki ya matairi matatu nitaibeba.