Sura ya kwanza haiishi, na kila nikiisoma naona siwezi kuandika

BintiKisauni
Salaam aleikum wadau. Mimi niko Kisauni, mchana nafanya ofisi moja ya kliaringi mjini, kutwa ni makontena na karatasi za forodha, usiku ndo naandika. Ama niseme najaribu, maana riwaya yangu imekwama sura ya kwanza tangu mwaka jana. Si kwamba sina hadithi, hadithi ninayo mpaka mwisho, najua nani atakufa na nani ataolewa. Shida ni nikifungua laptopu naanza kwa kusoma ya jana, naona sentensi haikukaa, naitengeza, ile ikikaa basi ya pili yake inaonekana mbaya, kushtuka ni saa sita usiku na sijaongeza hata mstari.

Na kuna hili linaniuma zaidi. Mhusika wangu ni mama auza viazi karai na bajia Mwembe Tayari. Nikimuandika aseme kikwetu naogopa wataniambia sijui lugha, nikimpa sanifu anakuwa kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kuna mwalimu nilimpa kurasa akanirudishia zimejaa wino mwekundu, na mengi aliyoyakata ni vile mamangu na nyanyangu wanavyosema kila siku. Tangu siku hiyo nikishika kazi namuona amekaa pale mbele yangu na biro yake. Nyinyi munaandika vipi bila kuhisi munajifanya? Ama wengine hatukuumbiwa hii kazi?

KalamuYaLikoni
Hiyo ya kuumbiwa wacha kwanza dada. Una mambo mawili umeyachanganya. Hili la kwanza dawa yake ni kutoandika na kuediti kwa wakati mmoja, basi. Nunua daftari la kawaida la watoto wa shule, andika kwa biro, haifuti hiyo. Ukikosa neno wacha mwanya uende mbele. Ukifika katikati ukaona yule mama afaa awe na watoto watatu na huko nyuma ulisema wawili, usirudi, andika pembeni "watoto watatu" halafu endelea kama kwamba ni watatu tangu zamani. Mimi huandika kwenye foleni ya feri, pale watu wasukumana, mkokoteni wakupita mguuni, huna nafasi ya kujichukia. Usiku ndo naipiga kwenye simu na hapo tu ndo narekebisha. Na hiyo tabia ya kusoma ya jana ikate, soma mistari ya mwisho ujue uliishia wapi.

MzeeWaKuze
Mwanangu, huyo mwalimu usimchukie, naye kafunzwa hivyo. Lakini ujue hiyo sanifu ilitoka wapi. Mwaka 1928 walikaa mkutano papa hapa Mombasa, Waingereza wa serikali na wamishonari, wakaamua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, ndicho kiwe msingi, na wale waliokuwa wakitetea Kimvita, hiki chetu cha Mombasa, wakashindwa. 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kusimamia huo usanifishaji. Kwa hivyo wino mwekundu unaouona ni wa kikao hicho, kosa la nyanyako silioni. Muyaka bin Haji alifariki 1840, karibu miaka mia kabla ya kikao, na tungo zake za Kimvita mpaka leo wasoma vyuo vikuu. Na hakuzichapisha yeye, nyingi zilikaa vichwani mwa watu mpaka kina Mwalimu Sikujua wakazikusanya, na kitabu kikatoka 1940.

Tena kuna Abdilatif Abdalla, mtu wa hapa hapa. Alifungwa 1969 kwa waraka ulouliza Kenya twendapi, kijana wa miaka ishirini na kitu, akatoka 1972. Mle ndani akatunga na kuandika kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 zikachapishwa, Sauti ya Dhiki hiyo, na mwaka wa pili yake ikapata tuzo ya Jomo Kenyatta, na Kimvita kimejaa tele humo. Wewe una laptopu mwanangu.

MhaririBubu
Mzee shikamoo, historia sina neno nayo, ila huo mfano wa jela watu huutumia vibaya sana. Hukumbushwa mtu karatasi ya choo kama kwamba ubora si kitu, na yule bwana hata kwenye hiyo karatasi mizani na vina vimekaa mahali pake. Kwao ni nyumba ya malenga, kakake ni Ahmad Nassir, alikuwa ashajifunza kazi kabla hajafungwa. Kutaka kazi iwe nzuri si ugonjwa jamani, tusimpotoshe dada wa watu.

Mimi riziki yangu ni kusoma miswada, nami nawaambia miswada mingi inayonijia sura ya kwanza imeng'arishwa kama sufuria ya arusi halafu kutoka katikati mtu alichoka akamaliza mbiombio. Na sasa sikiza BintiKisauni, sura ya kwanza ndiyo nikatayo zaidi kuliko zote, mara nyingi hadithi yenyewe yaanza kurasa kadhaa mbele. Kwa hivyo hizo sentensi unazozikesha huenda hata zisiwemo! Hujui mlango wa nyumba ukae wapi mpaka ujue mambo yaishia vipi, maliza kwanza.

Kimvita mpe mama na watu wake. Masimulizi amua mwenyewe, sanifu ama kikwetu, lakini ukiamua shikilia mpaka mwisho, maana msomaji wa Kisumu neno asilolijua atalipata kwa maneno ya jirani yake, kinachomchosha ni wewe kubadilika kila ukurasa. Na usianze kueleza eleza maneno kwenye mabano, yachosha.

MamaBajia
Mimi siandiki, msomaji tu. Sijawahi kuwacha kitabu sababu ya sentensi, hukiwacha nikiwa sijali yatakayompata mtu. Huyo mama kafanywa nini? Na asisahau ukwaju kwenye viazi.

BintiKisauni
Shukran nyote wallahi. Mzee hiyo ya 1928 nilikuwa siijui kabisa, leo nimeshinda ofisini na hasira tu 😂 MamaBajia kafanywa kitu na mkwewe, sisemi. Lakini mhariri, niiwache sura ya kwanza vile ilivyo na najua ni mbaya? Ntalala? Na yule mwalimu atanitoka vipi machoni?

MhaririBubu
Andika juu yake BADO, itie kwenye faili nyingine usiyoifungua. Mwalimu usimfukuze, utamhitaji, mwambie zamu yake ni rasimu ya pili. Hii ya kwanza asome mtu kama MamaBajia, asiyejua hata mkato unawekwa wapi.

MamaBajia
Mkato naujua wewe! Lete, lakini macho yangu na simu hayaelewani, nirekodie kwa sauti unitumie WhatsApp, nikikaanga nasikiza. Anza sura ya pili, ya kwanza si ishafungiwa.

BintiKisauni
Ya pili sijaiandika 🙈

MamaBajia
Basi Ijumaa.