Nina pointi 71 za Kanada, mfumo unanionyesha 334. Nimefaulu au nimefeli?

Muuguzi_Uyole:
Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada, usingizi umekata. Mimi ni muuguzi, niko Mbeya, nina miaka 34, digrii ya uuguzi na miaka minane kazini. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja. Nilipiga hesabu ya programu ya Kanada ya wafanyakazi wenye ujuzi, ile ya kutakiwa 67 kati ya 100: umri 12, elimu 21, uzoefu 15, Kiingereza 23. Jumla 71. Nilifurahi mpaka nikampigia mama simu. Nimejaza wasifu kwenye Express Entry, mfumo wa mtandaoni wa kuomba uhamiaji Kanada, nakuta 334! IELTS yangu, ule mtihani wa Kiingereza, ni kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuandika 7, kuzungumza 7.

Kuna wakala hapa mjini anataka milioni tatu anipatie barua ya ajira, anadai inaongeza pointi 50 papo hapo. Mume wangu yuko tayari tuuze kiwanja. Nishaurini kabla hatujauza.

BabaTunu:
Dada, kiwanja msiuze! Pointi za barua ya ajira zilifutwa kwenye alama za CRS, ndizo hizo 334 zako, tangu tarehe 25 Machi 2025. Huyo anakuuzia kitu ambacho hakipo. Na barua ikibainika ni ya kughushi, unafungiwa kuomba kwa miaka 5. Kujaza wasifu ni bure. Ada unalipa ukishaalikwa.

Mzee wa Mahesabu:
Muuguzi, hujafeli. Hiyo ni mizani miwili tofauti. 67 ni mlango tu: unaingia au huingii, na wewe umeingia. Ukishaingia unapangwa na waombaji wengine kwa CRS, ambayo kilele chake ni 1,200, halafu kila droo, yaani kila awamu ya kutoa mialiko, wanachukuliwa wa juu. Droo nyingi za miaka ya karibuni zimepita 500, kwa hiyo 334 haifiki.

Sasa angalia hapo kwenye kusikiliza. Kwa ngazi za lugha za Kanada 7.5 ni ngazi ya 8, na ngazi ya 9 inaanzia 8.0. Hizo tatu nyingine tayari ziko ngazi ya 9. Nusu alama hiyo imekugharimu hivi: pointi 7 za lugha yenyewe, 12 za digrii ikiunganishwa na lugha, na 25 za uzoefu ukiunganishwa na lugha, kwa sababu hizo za kuunganisha zinataka ngazi ya 9 katika stadi zote nne. Jumla 44. Ukipata 8.0 unakuwa na 378 bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Muuguzi_Uyole:
Jamani, 44 kwa nusu alama! Naikumbuka siku ile. Sauti inachezwa mara moja tu. Msomaji alitaja jina la mtaa herufi kwa herufi, nikabaki nalo kichwani mpaka maswali mawili yaliyofuata yakanipita.

BabaTunu:
Pole. Swali likikupita liache, nenda kwenye linalofuata. Mimi nilipoacha kurudi nyuma ndipo nilipopanda.

Mwana_Lubumbashi:
Dada, salamu. Hata 378 bado ni chini, nisikufiche. Sisi wa Kongo tunabebwa na Kifaransa. Ukifika ngazi ya 7 ya Kifaransa katika stadi zote nne, na Kiingereza chako hicho, unapata 50 za ziada na 12 za lugha ya pili: 378 inakuwa 440. Tena wenye Kifaransa wana droo yao. Machi 2025 moja ilishuka hadi 379. Mtihani wa Kifaransa ni TEF au TCF ya Kanada. Kwa anayeanza sifuri si kazi ya miezi mitatu, jipe mwaka na zaidi, kila siku.

Muuguzi_Uyole:
Nilikuwa nafikiria nisome masta badala yake?

Mzee wa Mahesabu:
Ukishakuwa na ngazi ya 9, masta inaongeza 39. Lakini ukisoma miaka miwili utakuwa na umri wa miaka 36, na kwa mwenye mwenza pointi za umri zinashuka kutoka 75 hadi 65. Unabaki na faida ya 29, na ada ya chuo juu yake. Kifaransa unasoma huku unafanya kazi. Halafu kumbuka watu wa afya nao wana droo zao, kwa hiyo usiache wodi. Mumeo naye afanye IELTS: hapo kwenye 67 inaongeza 5, na kwenye CRS pointi chache.

Muuguzi_Uyole:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Wakala nimemwambia hapana leo mchana. Tunaanza na kusikiliza, Kifaransa jioni mtoto akilala. Swali la mwisho: hospitali ya kwanza nilikaa miaka mitatu, nina mkataba tu, haujataja majukumu. Utakubalika?

BabaTunu:
Peke yake hautoshi. Nenda kaombe barua yenye nembo yao: cheo, tarehe ya kuanza na kuacha, saa kwa wiki, mshahara, na kazi ulizokuwa unafanya hasa. Nenda wiki hii, kabla matroni aliyekuwa anakufahamu hajastaafu.

Muuguzi_Uyole:
Anastaafu Desemba. Naenda Jumatatu.