Tupeane uzoefu: kung'oa jino na kuuguza pengo mpaka lipone

Mfungua uzi
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoijua kazi ya kung'oa jino, hasa wale wanaohudumia wagonjwa kila siku. Masharti ya nyumbani hutolewa mgonjwa akiwa na mdomo uliokufa ganzi na hofu bado haijamtoka, kwa hiyo mengi hayamuingii. Tuyaweke hapa kwa vipimo, saa na sababu. "Uwe mwangalifu" haimsaidii mtu aliyeshika shavu usiku wa manane.

Naanza na msingi. Jino likitoka, linaacha tundu ndani ya mfupa wa taya. Tundu hujaa damu, damu inaganda, na donge lile ndilo bandeji yake. Ufizi mpya utatambaa juu yake, mfupa mpya utajengwa ndani yake. Karibu kila sharti mtakalolisoma humu linalinda donge hilo.

Kiti cha tatu
Niongezee ya kabla ya kwenda. Kama ni ganzi ya kawaida ya sindano, usiende na njaa. Njaa ikikutana na hofu, mtu anazimia kitini. Kula saa moja au mbili kabla, piga mswaki vizuri, meza dawa zako za presha au kisukari kama ulivyozoea.

Halafu taja kila dawa unayotumia, hata usipoulizwa. Mbili zinanipa wasiwasi zikifichwa. Ya kwanza ni ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini. Usiiache mwenyewe! Damu ya kwenye tundu inazuilika kwa kubana na kushona, ila donge likienda kwenye ubongo au mapafu linaua. Daktari atataka kipimo cha karibuni cha INR, kinachoonyesha damu yako inachelewa kuganda kiasi gani. Kikiwa chini ya 4, jino la kawaida kwa kawaida linaweza kutolewa bila kusimamisha dawa. Ya pili ni ya kuimarisha mifupa, kama alendroneti, au zile za sindano wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa saratani. Hizo hupunguza uwezo wa mfupa wa taya kujijenga upya, na tundu linaweza kubaki wazi miezi, mfupa ukionekana.

Fizi Imara
Kuhusu ganzi. Taya la juu mfupa wake ni mwepesi, dawa huchomwa kwenye ufizi jirani na mzizi na kupenya yenyewe. Magego ya chini yamekaa kwenye mfupa mgumu, hivyo sindano huenda nyuma kabisa kuukuta mshipa wa fahamu kabla haujaingia ndani ya taya. Ndiyo maana nusu ya mdomo wa chini, na mara nyingi ulimi, vinakufa pamoja. Kama mdomo wa upande huo haujafa ganzi mpaka katikati ya kidevu, sema kabla koleo halijashikwa.

Ganzi inaondoa maumivu, haiondoi msukumo. Utasikia kusukumwa, kutikiswa, hata mlio wa mfupa. Ukisikia uchungu wa kuchoma, inua mkono, uongezewe dawa. Jino lenye usaha ni gumu kufa ganzi kwa sababu sehemu iliyovimba ina asidi nyingi, na asidi huizuia dawa kupenya kwenye mshipa. Daktari anaweza kuchoma mbali kidogo na uvimbe.

Na jino halivutwi kama msumari. Kwanza ufizi unaachanishwa na jino, kisha chombo chembamba kinaingizwa kati ya jino na mfupa ili kulilegeza. Koleo linafuata, likisukuma jino nje na ndani taratibu mpaka kuta za tundu zipanuke. Mwenye haraka huvunja mzizi. Gego lenye mizizi iliyopinda hukatwa vipande na kila mzizi ukatolewa peke yake. Hiyo ni njia ya kuulinda mfupa, mgonjwa asidhani daktari ameshindwa.

Zamu ya Usiku
Simu nyingi za usiku ni za damu, na nyingi zinatokana na gozi, kile kitambaa cha pamba cha kuuma juu ya pengo, kuwekwa vibaya. Mtu anauma gozi nyembamba, meno ya jirani yanaikamata kabla haijafika kwenye pengo, basi hakuna kinachobanwa. Ikunje iwe nene kiasi cha kuugusa ufizi wenyewe, ilowanishe kidogo kwa maji safi isije ikanata kwenye donge, uma kwa nguvu dakika 30 mfululizo. Kaa wima. Usiongee. Usiitoe kila dakika tano kuangalia, maana kila ukiitoa unabandua ulichogandisha.

Mate mekundu hafifu kwa saa 24 ni kawaida. Tone moja la damu kwenye mate mengi huonekana kama kikombe kizima. Damu inayojaza kinywa upya kila ukimeza, hiyo ndiyo ya kushughulikia. Angalia pia kama kuna donge laini jeusi linaloning'inia nje ya tundu kama kipande cha ini. Lifute kwanza kwa gozi, kwa sababu ukibana juu yake mkandamizo hauifikii damu inakotokea. Bana tena dakika 30. Ikiendelea baada ya mizunguko miwili, nenda hospitali, usisubiri asubuhi.

Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili inatosha.

Mama Kliniki
Wakuu, na maji ya chumvi? Wengi wanasukutua mara tu wakifika nyumbani ili "kuua vijidudu".

Kiti cha tatu
Hapo ndipo donge linapopotea, dada. Saa 24 za kwanza hakuna kusukutua kwa namna yoyote. Hakuna kutema kwa nguvu, acha mate yadondoke yenyewe. Hakuna mrija, kwa sababu kunyonya hutengeneza mvuto ndani ya kinywa na donge bado ni laini. Hakuna kinywaji cha moto wala pombe.

Chumvi inaanza siku ya pili: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, baada ya kila mlo na kabla ya kulala, kwa wiki moja. Usiyatikise maji kwa mashavu. Inamisha kichwa upande wa pengo, yaache yakae, geuza upande wa pili, kisha yaache yamwagike. Meno mengine piga mswaki kama kawaida. Pengo lizunguke, usilisugue.

Zamu ya Usiku
Sigara nayo: angalau saa 72, wiki nzima ni bora zaidi. Kuna kule kuvuta, halafu nikotini inabana mishipa midogo ya damu, tundu linakosa lishe wakati linaihitaji kuliko siku yoyote.

Fizi Imara
Dawa ya maumivu imezwe kabla ganzi haijaisha. Ganzi ya mdomo na ulimi hudumu saa mbili hadi nne hivi. Ukisubiri uchungu uwake, utaufukuza usiku kucha. Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, mchanganyiko unaofanya kazi vizuri ni ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 baada ya kula, pamoja na parasetamoli miligramu 1000 kila saa 6. Parasetamoli isizidi miligramu 4000 kwa saa 24. Mwenye ini bovu au mwili mdogo aulize kipimo chake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, aachane na ibuprofeni. Aspirini hapana, inaongeza kutoka damu. Na kuisaga ukaiweka juu ya ufizi inauunguza.

Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, hasa kwa gego la mwisho. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 shavuni kisha pumzika muda kama huo, inasaidia siku ya kwanza. Baada ya hapo hamia kwenye kitambaa cha uvuguvugu.

Mama Kliniki
Na lile linaloogopwa, tundu kavu, donge likipotea kabla ya wakati?

Zamu ya Usiku
Hesabu siku. Maumivu ya kawaida ni makali siku ya kwanza na ya pili, kisha yanashuka. Ya tundu kavu yanapanda kati ya siku ya pili na ya nne, wakati ulidhani umeshapona. Yanapiga mpaka sikioni, dawa inayapunguza kidogo tu, kinywa kinanuka, na ukitazama kwa kioo tundu ni tupu au mfupa unaonekana. Hupata zaidi magego ya chini, wavutaji sigara, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, na waliong'olewa kwa shida.

Rudi kwa daktari. Atasafisha tundu kwa maji ya chumvi ya hospitali na kuweka dawa, mara nyingi yenye kiini cha mafuta ya karafuu, na uchungu hushuka haraka. Antibayotiki peke yake haitibu, kwa sababu tatizo ni mfupa ulioachwa bila kifuniko. Msimimine mafuta ya karafuu wenyewe ndani ya tundu, yanaunguza nyama.

Utando mweupe au wa manjano juu ya tundu siku za mwanzo ni kitu kingine kabisa. Ni sehemu ya kupona. Tafadhali msiukwangue.

Kiti cha tatu
Magego ya juu yana lake. Mizizi yake inaweza kukaribiana sana na uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu, na wakati mwingine panabaki tundu dogo kati yake na kinywa. Dalili: ukinywa maji yanatokea puani. Mwone daktari mapema, na kwa wiki mbili usipenge kamasi. Ukipiga chafya, fungua mdomo.

Watoto wachungwe mpaka ganzi iishe. Mtoto hutafuna mdomo wake bila kusikia, jioni umevimba na kuchubuka, mzazi akadhani ni sumu ya dawa.

Fizi Imara
Za kukimbilia hospitali bila kujadiliana: homa inayopanda, kushindwa kumeza mate, uvimbe chini ya taya unaoinua ulimi, kupumua kwa shida. Mdomo au kidevu kikiwa bado na ganzi siku ya pili, mjulishe aliyekung'oa, huenda mshipa wa fahamu umeguswa.

Ufizi hufunga kwa wiki tatu au nne, mfupa wa ndani huchukua miezi. Ndiyo maana wiki kadhaa baadaye unaweza kugusa kitu chenye ncha kwenye ufizi kama kipande cha jino. Mara nyingi ni kijifupa kidogo kinachosukumwa nje. Kikitoka chenyewe, kitupe. Kikikuchoma ulimi na hakisogei, daktari anakitoa kwa dakika chache.