Mjadala: Gharama zinazozuka baada ya kushinda mnada wa gari Japani, nani azibebe?

Mleta mada

Wakuu, naanza na msimamo wangu ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika. Gharama yoyote ambayo muuzaji aliijua kabla mteja hajaweka dau, kisha akanyamaza, aibebe yeye mwenyewe. Hata kama ni dola ishirini.

Mdogo wangu wa Mwanza aliagiza gari kupitia muuzaji wa mtandaoni anayewanunulia wateja kwenye minada ya Japani. Mnafahamu utaratibu. Minada mikubwa kama ya kampuni ya USS ni ya wanachama, mtu wa nje haingii akanunua mwenyewe, kwa hiyo ni lazima umpitie mwanachama. Unaonyeshwa karatasi ya ukaguzi yenye daraja la gari, unataja kiwango chako cha mwisho, naye anapandisha dau kwa niaba yako. Mdogo wangu alishinda, akaletewa profoma (ankara ya awali) ya FOB, yaani bei ya gari likiwa limeshapakiwa melini Japani, akalipa. Haikupita muda ikaja ankara ya pili: ada ya mnada, usafiri wa gari hadi bandarini, kufuta usajili, ada ya kuchakata gari likishachakaa, na mstari mmoja ulioandikwa "kodi". Jumla ilizidi dola mia sita. Alipouliza, akajibiwa kwamba hizo ni gharama za kawaida na kila mteja huzilipa.

Kama kila mteja huzilipa, basi zilijulikana tangu mwanzo. Tuziangalie moja moja. Kwa Incoterms, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, anayeuza kwa FOB anabeba gharama zote mpaka gari liwe melini, pamoja na taratibu za forodha za kulitoa nchini kwake. Usafiri wa kwenda bandarini umo humo humo. Anayeudai juu ya FOB anamlipisha mteja mara mbili.

Kodi nayo ina kisa chake. Japani inatoza kodi ya matumizi ya 10% tangu Oktoba 2019, ila bidhaa inayouzwa nje haitozwi, na msafirishaji aliyeilipa wakati wa kununua anaweza kuomba arudishiwe. Ada ya kuchakata, inayotokana na sheria yao iliyoanza kutumika Januari 2005, nayo hurejeshwa kwa mmiliki wa mwisho gari linaposafirishwa nje. Maana yake mdogo wangu alidaiwa fedha ambazo muuzaji angeweza kuzipata tena kutoka kwa serikali yake.

Mtauliza kwa nini alilipa. Alilipa kwa sababu ya B/L, ile hati ya meli ya kuchukulia mzigo. Gari likifika Dar bila B/L halitoki, na muda wa bure ukiisha storeji, yaani ada ya kulihifadhi bandarini, inapanda kila siku. Muuzaji hana haja ya kutoa vitisho, anaandika tu kwamba nyaraka zitatumwa salio likikamilika. Mteja anapiga hesabu, anaona storeji itazidi kile anachobishania, anatuma fedha. Ndiyo maana wanaosema soko litajirekebisha lenyewe siwaelewi. Mteja anaweza kumhama muuzaji kabla ya kulipa. Akishalipa na gari likiwa baharini, atahamia wapi?

Pendekezo langu: muuzaji mwenye ofisi au wakala hapa nchini, na wapo wengi, alazimishwe kutoa bei moja ya kufikisha gari Dar, kwa maandishi, kabla ya dau kuwekwa. Kisichoandikwa kisidaiwe. Tume ya Ushindani ina Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kupotosha wateja, kwa hiyo pa kuanzia papo. Nawasilisha.

Wakala wa forodha, Dar es Salaam

Mkuu, mpe pole mdogo wako. Lakini mimi nagomboa magari kila wiki, na kilio kikubwa ninachokutana nacho hakitoki Japani. Kinatoka hapa hapa.

Mteja anakuja na ankara yake mkononi akidhani kodi itapigwa kwenye ile bei aliyonunulia. TRA, mamlaka ya mapato, wana thamani zao kwenye mfumo wao, na kikokotoo kiko wazi mtandaoni, unaingiza aina ya gari na mwaka unaona kila kitu. Wengi hawakifungui mpaka meli imetia nanga. Chukua gari dogo la cc 1500 lililothaminiwa milioni 10 pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha 25% ni milioni 2.5, sasa uko milioni 12.5. Likiwa limepita miaka kumi, juu ya hiyo 12.5 unaweka ushuru wa 30% wa uchakavu na 5% wa ukubwa wa injini, kisha VAT 18% juu ya jumla yote. Unatoka na kodi ya milioni 9.9, na tozo ya reli na nyingine ndogondogo bado. Gari hilo hilo likiwa na miaka tisa, uchakavu ni 15% na kodi inakuwa milioni 7.7. Zaidi ya milioni mbili zimeondoka kwa sababu ya mwaka wa kutengenezwa. Kuna watu wananunua Novemba gari ambalo liko ukingoni, linafika Januari limeshavuka. Halafu wananiuliza mimi kama nimewaongezea.

Jambo la pili ni benki. Ukituma dola kwa TT (uhamisho wa benki kwa benki) ukachagua SHA, yaani makato mgawane na mpokeaji, benki za katikati zinakata chao njiani. Muuzaji anapokea pungufu anakudai tofauti, na wewe unasema umeongezewa gharama. Chagua OUR, ulipe makato yote upande wako, kiasi kifike kizima. Kwa hiyo naunga mkono uwazi, ila sheria ya kumbana muuzaji peke yake itawapa watu matumaini ambayo bandarini hayatatimia.

Mleta mada

Hesabu yako imetulia, mkuu, na naomba kila anayetaka kuagiza aisome mara mbili. Ila tofauti ipo. Kodi ya TRA iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitafuta. Ada ya mnada na usafiri wa ndani vilikuwa kichwani mwa muuzaji peke yake. Mteja aliyezembea kutafuta na mteja aliyefichwa hawawezi kupewa lawama moja.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zangu, huku kwetu jambo hili linaweza kukupotezea gari zima. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na KEBS, shirika letu la viwango, hutoa tangazo kabla mwaka haujaisha kwamba kuanzia Januari mosi magari ya mwaka fulani hayapokelewi tena. Likichelewa hurudishwa lilikotoka kwa gharama ya aliyeagiza.

Sasa weka ankara ya pili hapo. Jamaa yangu alibishana na muuzaji juu ya ada ya ukaguzi ambayo haikutajwa. Muuzaji akasema hapandishi gari melini mpaka ilipwe. Mabishano yakaendelea, meli ya kwanza ikaondoka, na mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia. Jamaa akalipa alichodaiwa na kidogo juu yake ili apate nafasi kwenye meli iliyofuata. Alikuwa na haki lakini hakuwa na muda wa kuidai.

Sheria tunayo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu inayohusu mikataba ya intaneti. Lakini utamshtaki nani ikiwa muuzaji yuko Yokohama na fedha zimeshafika huko? Ndiyo maana pendekezo la mleta mada la kuwabana kupitia ofisi zao za huku naliunga mkono, ila naongeza: wasio na ofisi watakuwa rahisi zaidi machoni pa mteja, na watu watawakimbilia. Mimi siku hizi nawaambia jamaa zangu wanunue yadi. Bei iko juu, lakini gari unaliona na unayemlipa unamtazama usoni.

Mdau anayefanya kazi kwa msafirishaji wa magari, Nagoya

Mimi niko upande unaolaumiwa, nisikilizeni kwanza. Mnadani gari moja huuzwa chini ya dakika moja. Mteja ananitumia orodha ya magari yaliyoko minada tofauti, mengine Hokkaido, mengine karibu na bandari, na anataka jibu kabla ya asubuhi. Usafiri wa ndani unategemea gari limenunuliwa mnada upi. Nauli ya meli inabadilika, yeni inabadilika kati ya siku ya dau na siku fedha zinapoingia.

Halafu niwaambie ukweli ambao wateja hawapendi kuusikia. Tulijaribu kutangaza bei kamili. Wateja walitulinganisha na mwenye kutangaza FOB tupu, wakaenda kwake. Aliyesema ukweli alikosa biashara. Kuhusu B/L, tunaishika kwa sababu wapo waliotumiwa nyaraka wakiwa na salio, wakagomboa gari, simu zikazimwa.

Kwenye kodi ya matumizi na ada ya kuchakata sina cha kumtetea mtu. Anayemtoza mteja wa nje vitu hivyo bila kueleza kama atamrudishia, anafanya vibaya.

Mchangiaji mwingine

Masharti ya muuzaji huwa yameandikwa kwenye tovuti yake. Mtu mzima anayetuma mamilioni bila kusoma asitafute serikali imsomee.

Mleta mada

Nianze na huyu wa mwisho. Nimeyasoma masharti ya muuzaji yule. Yanasema "gharama nyingine zinaweza kutozwa", hayataji ipi wala kiasi gani. Mtu hawezi kusoma kilichofichwa.

Ndugu wa Nagoya, umenisaidia kuliko unavyodhani. Kwanza umekubali kwamba usafiri unategemea mnada gari liliko, na mnada huo unaujua kabla ya dau. Basi weka kiwango cha kila mnada kwenye jedwali na umpe mteja. Pili, umeeleza kwamba aliyetaja bei kamili aliadhibiwa na soko. Hiyo ndiyo sababu naitaka sheria, ili wote wataje kwa namna moja na mkweli asipoteze wateja. Uingereza wamefanya hivyo. Tangu Aprili 2025, kwa sheria yao ya 2024, gharama ya lazima inapaswa kuwemo kwenye bei ya kwanza anayoonyeshwa mteja.

Pale nilipokaza sana napunguza. Nauli ya meli na yeni havimo mikononi mwa muuzaji, kwa hiyo viandikwe kama makadirio yenye kikomo, na kikipita mteja awe na haki ya kujitoa na kurudishiwa fedha. B/L nayo nakubali ishikwe kwa salio la bei iliyokubaliwa. Isishikwe kwa ada iliyozaliwa baadaye.

Kwa anayeagiza leo, wakati sheria haipo: kabla ya kutaja dau, mwandikie muuzaji swali moja, "Nitajie jumla yote mpaka gari liwe Dar, na kila kipengele chake," na usilipe mpaka ajibu kwa maandishi. Omba nakala ya B/L kabla ya kumalizia malipo. Ukiletewa mstari wa kodi ya Japani, uliza unahusu nini na nani anarudishiwa.

Limebaki la Mombasa, kwamba wasio na ofisi watakimbiliwa. Hilo ni zito, na sheria ya ofisi peke yake hailitatui. Ninachokiona ni kupitia watu ambao kila gari lazima lipite mikononi mwao: mawakala wa forodha wenye leseni ya TRA na mawakala wa meli walio chini ya TASAC, shirika la serikali linalowasimamia. Gari likifika huku B/L imezuiwa kwa ada isiyomo kwenye profoma, wakala awe na mahali pa kupeleka profoma hiyo, na storeji isimame wakati shauri linaangaliwa. Ndugu wakala wa Dar, wewe unafanya kazi humo ndani kila wiki. Je, kusimamisha storeji kwa sababu hiyo kunawezekana kwa taratibu zilizopo, au ni mpaka kanuni zibadilishwe?