Kofia ya hariri kaitia jiki mwenyewe, halafu ananambia "paka wako kaikojolea"!

BiVitobo:
Jamani nina hasira hadi uzi hauingii tunduni. Yule bwana mnamjua nyote, msinitajishe jina. Yule ambaye hakuna harusi asiyokaa mstari wa mbele, kofia kailaza upande. Leo baada ya laasiri kaja na kofia niliyomshonea, kaizungushia gazeti, kaibwaga barazani mbele za watu, akasema: "Paka wako kaikojolea."

Paka wangu! Kofia imeondoka kwangu kabla ya Idi!

Ile ni kofia ya viua, yale maua ya vitobo, bafta nyeupe ya pamba pande mbili, mzunguko inchi 22, ukanda inchi tatu na nusu. Kila kitobo kimetobolewa kwa mkono kikazungushiwa uzi wa hariri, maana ni yeye aliyeng'ang'ania hariri, pamba hakuitaka. Vitobo vile ukivipanga vinatoka Malindi ya mjini vinafika Mkokotoni, kaskazini ya Unguja. Mwezi na nusu, shingo imepinda kama ndoana. Halafu "paka wako kaikojolea"!

Hebu itazameni. Umanjano umeshika kwenye uzi tu. Viua vyote rangi ya siagi, bafta iliyo katikati nyeupe pe. Mkojo wa paka hauchagui: ungeingia kwenye bafta kwanza, ungeacha doa lenye ukingo, na harufu yake ingewahamisha watu barazani. Kinachogeuza hariri manjano na kuiacha pamba nyeupe ni jiki. Tena jiki inaila hariri. Nimeigusa kwa ukucha, uzi ukakatika kama tambi iliyopita kiasi motoni. Nikamuuliza, umeifua na nini? Kimya. Kisha akarudia, sauti juu zaidi: "Paka wako!"

Na vile vidoa vya hudhurungi ukingoni ni kutu ya pini. Wote mlimwona aliposhuka botini siku ya upepo mkali wa kusi, kalowa chapachapa, kofia kaibana na pini isipeperuke. Maji ya chumvi na chuma, usiku mmoja tu unatosha. Akaona kutu, akamwagia jiki. Jiki haitoi kutu, inaikoleza.

Mbele za watu, wallahi. Na paka mwenyewe kalala zake kwenye ungo.

FaromaYaMti:
Huyo huyo! Kwetu alileta kofia kaikausha juu ya kopo la maziwa, imechukua umbo la kopo, anadai tumemkatia ndogo. Kofia ikishafuliwa inatiwa uwanga mwepesi. Vijiko viwili vya unga wa muhogo kwa nusu lita ya maji, koroga kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, chemsha mpaka ung'are, uache upoe, chovya. Halafu unaivisha faroma, ile kalibu ya umbo la kichwa, ingali mbichi. Bila faroma inaruka, inchi 22 inakuwa 21, kichwa hakiingii, na lawama ni zako.

MwanaWaNgambo:
Na wewe BiVitobo una lako. Unampaje hariri mtu ambaye hata kanzu anafuliwa? Hariri inatoka na maneno yake: maji baridi, sabuni ya mtoto, usisugue, usikamue, kivulini. Ungemshonea kwa pamba asingekuwa na la kusema. Na huyo paka kwenye kikapu cha uzi tumemwona, picha uliweka mwenyewe.

BiVitobo:
Nilimwambia mara tatu! Maji baridi, kivulini, nikamwambia na mkewe! Na paka halali kwenye kikapu, analala kwenye UNGO. Mtu mzima anasimama mbele za watu anamsingizia mnyama!

Sindano9:
Hiyo kutu kwenye bafta inatoka. Kamulia ndimu kwenye doa, nyunyiza chumvi, weka juani mpaka pakauke, suuza sana, rudia. Lakini jiki isuuzwe ikatike kabisa kwanza, usichanganye na ndimu, ile hewa inayotoka inachoma kifua. Na ndimu isiguse viua, hariri ikikaa juani na ndimu inazidi kuharibika. Viua vilivyoungua fumua, zungushia upya, hakuna dawa nyingine.

MwanaWaNgambo:
Afumue kwa malipo ya nani?

Sindano9:
Hilo mimi silijui. Na wale wanaouza kofia za mashine kwa jina la kazi ya mkono, mbona hamuwasemi? Geuza ndani uangalie. Ya mashine ina uzi wa pili kwa chini, umenyooka mstari mmoja. Ya mkono ndani yake ni safi kama nje. Mgeni anauziwa ya mashine kwa bei ya mwezi mzima wa mtu.

KarafuuWete:
Nyinyi Unguja mnalia na kofia, sisi Pemba boti zikisimama hata uzi haufiki. Mei 2024 kimbunga Hidaya, boti zote zikazuiwa, watu tumekaa na kofia nusu.

FaromaYaMti:
Msijifanye nyinyi ndio mnaonewa na upepo. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, ya kwenu ikasalimika kwa sehemu kubwa. Hizo karafuu mnazojivunia zimeshika kasi hapo.

KarafuuWete:
Basi msituonee wivu. Masika hii sindano ziwekeni kwenye kitambaa cha sufu chenye tone la mafuta ya cherehani, mzifute kabla ya kushona. Bafta nyeupe haisamehi kutu.

BiVitobo:
Tusitoke kwenye mada! Kasema PAKA WANGU!

PakaShume:
Samahani, kwa kuwa paka katajwa. Wa kwetu kameza uzi, kipande kinaning'inia mdomoni. Nivute?

Sindano9:
USIVUTE! Ncha ya pili huenda imenasa chini ya ulimi au imefika tumboni. Ukivuta, uzi unakata utumbo kama msumeno. Pengine ana na sindano. Usimpe mafuta, usimtapishe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi.

PakaShume:
Katapika mara mbili tangu asubuhi.

FaromaYaMti:
Basi usikae hapa kuandika. Mtie kwenye kikapu chenye kifuniko uondoke. Uko upande gani, nije na vespa?